Modemu iliyonyamazishwa: kisa cha kompyuta ya Area C

Kisa hiki ni cha mwaka 2003, hapa Dodoma mjini, kwenye nyumba moja ya Area C. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu hitilafu zake zilikuwa zimepandana, moja ikiificha nyingine, na kila fundi aliyepita alikuwa anatafuta ugonjwa mmoja. Halafu kitu ambacho kingewaonyesha nusu ya majibu kilikuwa kimezimwa tangu mwanzo: spika ndogo iliyo kwenye kadi ya modemu, kile kifaa kinachoipigia kompyuta simu ya kwenda intaneti.

Mwenye kompyuta alikuwa mhasibu mstaafu wa serikali. Baada ya kustaafu alikuwa anawatunzia hesabu wakulima wenzake wa zabibu, na kijana wake alikuwa masomoni India. Hayo mawili ndiyo yaliyomfanya atake barua pepe nyumbani badala ya kwenda kupanga foleni kwenye intaneti kafe. Laini ya simu ya mezani alikuwa nayo siku nyingi. Akanunua kompyuta ya mtumba iliyotoka Marekani kupitia Dar es Salaam: Pentium ya 166 MHz, RAM 32 MB, Windows 98, mausi ya zamani yenye plagi ya matundu tisa, na modemu ya ndani ya 56K, yaani biti 56,000 kwa sekunde, kwenye kadi ya ISA, ile ya mtindo wa zamani. Akalipia akaunti kwa mtoa huduma wa Dar es Salaam, akapewa karatasi yenye namba ya kupiga, jina na paswedi. Tangu hapo, hakuna hata barua moja iliyotoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Huyu mgonjwa ameshapita kwa waganga wengi."

Dalili alizonieleza zilikuwa hizi. Ukiamuru kompyuta ipige simu, mausi inaganda papo hapo. Baada ya muda unatokea ujumbe wenye namba 680, kwamba hakuna mlio wa laini. Fundi wa kwanza alipiga Windows upya. Wa pili naye akapiga Windows upya, kisha akatamka kwamba laini ndiyo mbovu. Mtu wa simu alipoitwa alinyanyua mkono wa simu, akasikia mlio, akapiga namba ikaita, akaaga. Kwa hiyo wa kompyuta anasema laini, wa laini anasema kompyuta, na mzee yupo katikati analipia wote wawili.

Kabla sijafungua chochote niliuliza swali moja: hii modemu ikipiga, mnasikia nini? Wakatazamana. Mama mwenye nyumba ndiye aliyejibu: "Ilikuwa inapiga kelele kama mbuzi anachinjwa, mjukuu anaamka. Tukamwambia yule kijana aizime." Nikaenda kwenye mipangilio ya modemu, nikakuta kitelezeshi cha sauti kimesukumwa mpaka mwisho wa kushoto. Windows ikikuta hivyo huiambia modemu M0, yaani spika isitoe sauti hata kidogo. Nikakirudisha katikati, nikamwomba mama avumilie kwa siku hiyo. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Mausi ilikuwa ya kwanza, kwa sababu huwezi kupima kitu kwenye kompyuta inayoganda. Waliozoea mashine zile wanajua tayari. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na poti za serial, yaani milango ya data ya vifaa kama mausi na modemu, COM1 mpaka COM4, lakini COM1 na COM3 zilitumia IRQ moja, namba 4, na COM2 na COM4 zikatumia IRQ namba 3. IRQ ni namba ambayo kifaa hutumia kumwita prosesa pale kinapotaka kuhudumiwa. Kwenye vifaa vya ISA, viwili vikishika namba moja na vyote vikawa kazini kwa wakati mmoja, mmoja wao hasikilizwi. Mausi ya mzee ilikuwa COM1. Nilipofungua kasha na kuivuta kadi ya modemu, jampa zake zilikuwa zimewekwa COM3 na IRQ 4. Kompyuta ikifungua poti ya modemu, mausi inakufa. Kupiga Windows upya hakugusi jampa hata ukipiga mara mia, maana jampa ni kipande cha chuma kwenye kadi, si faili.

Niliingia BIOS, mipangilio ya kompyuta inayotangulia Windows, nikazima COM2 ya mazabodi (bodi kuu) ambayo haikuwa na kazi, nikahamisha jampa za modemu kuwa COM2 na IRQ 3. Nikapuliza vumbi, kasha la kompyuta ya Dodoma mwezi wa nane unaweza kulifagia kwa ufagio mdogo. Nikairudisha kadi, nikafuta modemu ya zamani kwenye orodha ya vifaa, nikaiacha Windows iitafute yenyewe. Kwenye ukurasa wa uchunguzi wa modemu ikajibu vizuri, na ikaonyesha kwamba kadi ina chipu ya UART, inayopitisha data kati ya kompyuta na modemu, ya 16550A, ile yenye akiba ya baiti 16. Hilo lilinipa nafuu. Chipu za zamani kabla yake hazina akiba hiyo, na kwa mwendo wa 56K zinapoteza herufi njiani hadi unachoka.

Mausi ikawa hai. Ujumbe wa 680 ukabaki palepale. Ila sasa kulikuwa na sauti.

Nilifungua HyperTerminal, programu iliyokuja na Windows 98, ambayo inakuruhusu uongee na modemu moja kwa moja bila Windows kuingilia. Unaandika AT, herufi zinazotangulia kila amri ya modemu, nayo inajibu OK. Kama haijibu OK hapo, acha habari za intaneti kabisa, rudi kwenye kadi na poti. Ikajibu. Nikaamuru ipige. Tukasikia kidude kikibofya ndani ya kadi, kisha mlio wa laini ukajaa chumbani, mzuri, wazi, hauna mikwaruzo. Sekunde zikapita, mlio unaendelea. Kisha modemu ikaandika kwenye skrini kwamba hakuna mlio.

Mzee akacheka. "Sasa huu tunaousikia sisi ni nini?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na ndilo ambalo mafundi wawili hawakupata nafasi ya kujiuliza kwa sababu walikuwa wanafanya kazi na modemu bubu. Modemu haina sikio kama letu. Ina kichujio kinachosubiri mlio wa masafa fulani. Mlio wa Marekani ni mchanganyiko wa masafa mawili, 350 na 440 Hz. Nchi nyingine nyingi hutumia mlio mmoja ulio karibu na 425. Modemu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza kusikiliza mlio wa nchi nyingine mpaka muda uishe na bado ikasema laini haina kitu. Laini haikuwa mbovu. Kompyuta nayo haikuwa mbovu. Walikuwa hawaelewani lugha.

Dawa ni amri ya X. Kwa kawaida modemu huwa kwenye X4: isubiri mlio kwanza, na ikikuta namba inatumika ikuambie. Ukiiweka X3 inaacha kusubiri mlio. Inanyanyua laini, inatulia kidogo, inapiga, ila bado inatambua kama namba inatumika. Niliandika X3 kwenye kisanduku cha mipangilio ya ziada ya modemu, pale ambapo Windows 98 inakuruhusu kuongeza amri zako. Hapo huandiki AT, Windows inaiweka yenyewe.

Tukapiga tena, safari hii kwa njia ya kawaida. Ujumbe wa 680 haukurudi. Tulisikia tarakimu zikibonyezwa, tiii-tuu-tii, nyingi kweli, kisha sauti ya mwanamke kutoka kwenye spika ikitueleza kwa upole kwamba namba tuliyopiga si sahihi.

Nakaa hapa kidogo, maana kipande hiki ndicho kinachonipendeza kuliko vyote. Spika ingekuwa imezimwa, tungeona ujumbe mwingine tu, kwamba kompyuta ya upande wa pili haijibu, na mtu angeanza kumlaumu mtoa huduma. Kumbe hatukumfikia kabisa. Nikauliza namba ilikuwa ipi. Mzee akanionyesha karatasi: 022 na tarakimu saba, jumla kumi. Lakini masikio yalikuwa yamesikia zaidi ya kumi. Nikaiwasha kumbukumbu ya modemu, faili linalokaa ndani ya folda ya Windows, tukapiga, nikalifungua. Kwa usiri Windows huficha namba na kuweka alama za reli (#) mahali pa tarakimu, lakini idadi haifichi. Mzee, mhasibu wa kweli, aliinama akazihesabu kwa ncha ya kalamu: kumi na tano.

Kumi na tano ni 011, halafu 255, halafu 22, halafu zile saba. 011 ni namba ambayo mtu aliyeko Marekani hupiga anapotaka kutoka nje ya nchi. Kompyuta ile ilikuwa bado inaamini iko Marekani! Windows 98 ina mahali pa kuieleza uko nchi gani na mji gani, na kwa kuwa hakuna aliyepagusa, kila simu ya kwenda Dar es Salaam iliihesabu kuwa simu ya kimataifa kutoka kwa Wamarekani. Kwetu namba ya kutokea nje ya nchi ni 000, na kwa simu ya Dar huhitaji hata hiyo. Nilibadilisha mahali pawe Tanzania, msimbo wa eneo 26, lakini kwa usalama nikaondoa pia alama ya kutumia kanuni za eneo, nikaandika namba nzima kama mtu angeibonyeza kwa kidole kwenye simu ya mezani. Nikiwa na namba moja tu ya kupiga, sioni sababu ya kuiruhusu Windows inifanyie hesabu.

Safari iliyofuata tukasikia zile kelele za mbuzi wa mama. Kwa anayezijua, zile kelele ni modemu mbili zikipimana: kwanza zinaambiana zinaweza viwango gani, kisha zinapima laini, kisha zinakubaliana mwendo. Spika hujizima yenyewe zikishakubaliana. Hapo tukakutana na ujumbe wa 691, jina au paswedi imekataliwa. Hili lilikwisha haraka: paswedi ilikuwa na herufi ndogo na wao walikuwa wanaiandika yote kwa herufi kubwa. Nikaondoa pia alama za NetBEUI na IPX, lugha za mitandao ya ofisi, kwenye mipangilio ya laini, nikaacha TCP/IP, lugha ya intaneti, peke yake, na nikaondoa ile ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi. Hazidhuru sana, lakini zinapoteza sekunde, na sekunde za simu ya Dar zinalipiwa.

Barua ya kwanza ikaenda India.

Mzee alifurahi zaidi alipoona skrini imeandika kwamba tumeunganishwa kwa 115,200. Aliniuliza kama ameuziwa modemu bora kuliko alivyolipia. Ilibidi nimvunje moyo. Ile 115,200 ni mwendo wa kati ya kompyuta na modemu, ndani ya kasha lilelile. Mwendo wa laini ni mwingine, na modemu nyingi huutaja ukiongeza amri ya W2. Nilipoiongeza, ukweli ukaonekana: 31,200.

Kwa nini si 56,000 kama maboksi yanavyoandika? Kiwango cha V.90 cha mwaka 1998 kinafika karibu na hapo kwa upande wa kupokea tu, na kwa sharti kwamba mtoa huduma ameunganishwa kidijitali na mawimbi yanabadilishwa kati ya dijitali na analogi mara moja tu njia nzima. Sharti hilo lisipotimia, au waya wa shaba ukiwa mrefu na umechoka, modemu zinarudi kwenye V.34, kiwango cha kabla yake, ambacho mwisho wake ni 33,600. Kwa hiyo 31,200 si aibu. Kwa 28,800 faili la megabaiti moja linachukua karibu dakika tano, na barua ya maneno matupu inachukua muda wa kukohoa. Nilimwambia mzee asihangaike na 56.

Ningeishia hapo kisa kingekuwa kifupi. Lakini jioni mzee alipiga simu: inaunganika, inakaa dakika mbili tatu, inakatika. Kesho yake asubuhi inakaa saa nzima bila tatizo. Jioni inakatika tena. Jirani mmoja akamshauri kwamba jioni laini zina watu wengi. Sababu hiyo haikuniingia. Simu ya mezani ukishaunganishwa, njia ni yako mpaka ukate. Msongamano unaweza kukunyima kuunganika, hauwezi kukukata kila siku baada ya dakika tatu.

Nilikwenda jioni. Sikugusa kompyuta. Nilichukua simu ya mezani ya kawaida, nikaichomeka kwenye waya uleule wa modemu, nikanyanyua, nikabonyeza tarakimu moja tu. Ukifanya hivyo mlio unakata na laini inabaki kimya kwa muda mfupi, na ukimya huo ndio unaoupima. Laini nzima inakuwa tulivu. Ile ilikuwa inavuma, mmmm, mvumo mzito wa umeme, na juu yake tik-tik za hapa na pale. Mkiongea kwa sauti hamwezi hata kuugundua, masikio yanauruka. Modemu hairuki kitu.

Nikamwomba mjukuu azime taa. Mvumo ukapungua nusu. Awashe: ukarudi, na tik-tik za nguvu wakati tyubu inahangaika kuwaka. Tulipanda darini na tochi. Aliyefunga soketi ya chumba cha kompyuta alikuwa ametoka kwenye soketi ya sebuleni kwa waya wa spika, ule bapa mwekundu na mweusi, akaulaza sambamba na waya wa umeme mpaka juu ya taa ya tyubu, na katikati akaunga kwa kusokota kwa vidole na kuzungusha tepu ya umeme. Waya wa simu husokotwa jozi kwa sababu: usumbufu unaoingia unazigusa nyuzi zote mbili sawasawa na mwisho unafutana. Waya bapa hauna kinga hiyo. Mchana taa imezimwa, modemu inapumua. Jioni taa inawaka, modemu zinapimana upya, zinashuka mwendo, zinashindwa, zinaachana.

Tuliutoa wote. Nikapitisha waya wa simu wa jozi iliyosokotwa kwa ukuta wa nje, mbali na umeme, bila kiungo hata kimoja katikati. Nikaongeza S10=50 kwenye mipangilio, ili mawimbi ya upande wa pili yakipotea modemu isubiri sekunde tano kabla ya kukata, badala ya moja na nusu hivi ya kiwandani. Hiyo peke yake isingetibu mvumo. Inasaidia kwa mtikisiko mdogo. Jioni hiyo tulipata 31,200 kama asubuhi, na taa zote zikiwaka.

Kilichobaki kilikuwa matumizi. Nilimfundisha mzee kuandika barua zote kwenye Outlook Express, programu ya barua pepe, ikiwa nje ya laini, aunganishe, atume na apokee kwa mkupuo, akate, ndipo asome. Niliweka ijikate yenyewe ikikaa bila kazi. Simu ya chumbani niliiondoa kabisa kwenye laini ile, maana anayenyanyua mkono wa simu ya pili anaivunja safari. Sauti ya spika nikaishusha mpaka ya chini lakini sikuizima, na mama akakubali kwa sharti kwamba mzee atume barua zake kabla ya mtoto kulala. Na nikawaachia agizo la masika: kuanzia Desemba wingu likifunga, wachomoe waya wa simu kwenye modemu, si plagi ya umeme peke yake. Modemu nyingi nilizozika hapa Dodoma ziliuawa na radi iliyopita kwenye waya wa simu huku mwenye mali akijisifu kwamba amezima stabilaiza.

Yule fundi wa pili tulikutana baadaye, na alinipinga kuhusu X3. Hoja yake ilikuwa kwamba modemu isiyosubiri mlio itapiga hata laini ikiwa imekufa, na mwenye nyumba atakaa anaambiwa mtoa huduma hajibu. Ni kweli, ndiyo gharama yake. Ndiyo maana kwenye karatasi niliyobandika pembeni ya skrini ya mzee mstari wa kwanza ulisema: nyanyua simu ya sebuleni kwanza, kama haina mlio, usiwashe kompyuta, ita mtu wa simu.